Sahani ya Pili Pale Nyalikungu

Mume wangu hakuwahi kuagiza chakula hotelini kabla hajaingia jikoni. Tulipokuwa bado na nguvu za kusafiri, tukishuka stendi yoyote, yeye alisalimia watu wa mezani, akapita moja kwa moja hadi nyuma kwenye mafiga na kuomba afunuliwe masufuria. Waliomzoea walicheka. Wasiomzoea walimfokea, "Mzee, huku wateja hawaingii!" Naye akawajibu, "Nitanunuaje ng'ombe ambaye sijamwona?"

Aliinama juu ya mvuke, akanusa, akanyamaza kidogo, ndipo akasema anachotaka. Siku nyingine ugali na dagaa, siku nyingine uji mtupu. Safari moja tulikuwa tunakwenda Mwanza kwenye ubatizo wa mjukuu. Gari liliposimama Lamadi ili abiria wale, alifunua masufuria yote, akamshukuru mama mpishi, akatoka mikono mitupu. Nikamuuliza kulikoni. "Tumbo halijasema kitu," akanijibu, akapanda garini, akalala.

Mimi sikulelewa hivyo. Nilisoma kwa masista. Kengele ililia, tukasali, tukala, na sahani ilirudi jikoni ikiwa safi kama haijatumika. Aliyebakiza alisimama mbele ya wenzake akaeleza ni nani aliyemwambia kwamba riziki ya Mungu inatupwa. Nilipokuwa mwalimu wa dini hapa Bariadi nikawafundisha watoto vivyo hivyo, miaka mingi, wakiwemo wa kwangu. Nilipoolewa na mtu anayebakiza vipande viwili vya nyama kwa sababu ameshatosheka, nilidhani nimeolewa na mtu asiye na shukrani. Mwaka wa kwanza wa ndoa tuligombana zaidi kuhusu mabaki kuliko kuhusu jambo lingine lolote.

Kadiri miaka ilivyopita nikamwelewa. Hakuugua tumbo, hakunenepa, hakulalamika njaa safarini. Alikula alipohitaji na kuacha alipotosheka, na mikono yake ilipoondoka kwenye sahani hakuna aliyeweza kumrudisha. Katika mambo ya chakula alikuwa na utulivu ambao mimi na rozari yangu sikuwa nao. Nikajifunza kwake pole pole. Tukiwa ugenini akiniuliza, "Wewe unataka nini?" nilijizuia kujibu upesi, nikajisikiliza kwanza. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyekula kwa kengele tangu utoto anaujua uzito wake.

Miaka minne iliyopita, mchana mmoja baada ya kuvuna pamba, alimaliza kula, akanawa. Nikatoa vyombo nje. Niliporudi nilimkuta ameketi palepale, amenawa mikono tena, inachuruzika maji, anaangalia mlango.

"Mayo, nzala," akasema. Njaa, mama.

Nikacheka. Nilifikiri ananitania, maana utani alikuwa nao. "Nenda kakague masufuria basi," nikamwambia. Akaenda kweli. Akafunua sufuria, akaangalia ndani, akafunika, akarudi kuketi. Hakunusa. Nilipoona hakunusa nikaacha kucheka.

Daktari alisema ni ubongo unaochoka kwa uzee, na kwa wengine huanza hivyo, kwa kusahau mlo. Akasema na sukari imepanda, kwa hiyo ale kidogo, kwa saa zake, na asipewe hovyo. Alieleza vizuri, kwa upole. Lakini alieleza kama mtu ambaye hajakaa kijijini kwetu.

Kwetu mzee akisema mbele ya watu kwamba hajala, hajasema habari za tumbo lake. Amemsema mkewe. Wala hatafutwi shahidi mwingine. Na mume wangu alianza kusema. Alimwambia fundi baiskeli. Aliwaambia wanaume waliokaa kwenye benchi la dukani. Alimwambia paroko mlangoni mwa kanisa, baada ya misa, mimi nikiwa nimemshika mkono: "Baba, tangu juzi sijala." Paroko alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Majirani wakaanza kuleta sahani zilizofunikwa. Huwezi kukataa sahani ya jirani, ni sawa na kumwambia kwamba mikono yake michafu. Huyu alileta michembe ya viazi, yule wali, mwingine maziwa mgando kwenye kibuyu, na mzee wangu alikula vyote kwa adabu na kushukuru. Mmoja wao, mama mchangamfu ambaye nilimfundisha komunyo ya kwanza, alinitania uani huku akicheka:

"Mwalimu, Kwaresima yako haiishi? Pasaka imepita, mfungulie mzee!"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Jioni ile nilisonga bugali mwingi, nikampa akiwa ameketi nje, upande wa barabarani, ili wapitao wamwone anakula.

Naliandika hili kwa sababu ndilo kosa langu, na sitaki lionekane ni la majirani. Nilijua alichosema daktari. Nilijua ameshakula. Nikawa nampa ili nionekane nampa. Nyumbani tukiwa wawili niliweza kumwambia "bado kidogo," nikamshika mkono, nikamwimbia wimbo wa kanisani, akasahau. Mbele ya watu sikuweza. Na hakuna mahali penye watu kama safarini.

Tulikuwa tunakwenda kliniki Mwanza. Gari likasimama Lamadi. Nilikuwa nimebeba uji wake kwenye chupa, na alikuwa ameshakunywa. Tukashuka ili ajisaidie. Tuliporudi kupitia pale wanapokula abiria, akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akaketi kwenye meza ya kijana mmoja aliyevaa suti, akaanza kula samaki wa yule kijana. Alikula taratibu kabisa, kama mtu aliye mezani kwake.

"Mzee wangu, karibu tu," yule kijana akasema, akasukuma sahani. Kisha akanigeukia. "Mama, huyu mzee ana muda gani hajala?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kusema ni mgonjwa. Maneno mawili tu. Lakini mume wangu alikuwa akitafuna hapo mbele yangu, mtu aliyewahi kufunua masufuria ya mahali pale na kuyaacha, na sikutaka kumtangaza kwa watu wasiomjua. Au labda nilikuwa najitetea mimi. Nikaagiza sahani nzima ya wali na nyama, nikaiweka mbele yake, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kula, baba, kula ushibe."

Hakufika Magu bila kutapika. Alitapika kwenye kanzu yake na kwenye kitenge changu, akawa analia kwa aibu, bila kujua kilichompata. Kliniki walipompima sukari, nesi alirudia kipimo mara mbili. "Nani anampa chakula huyu?" akauliza. Nikasema ni mimi.

Habari za Lamadi zilifika Mwandoya kabla hatujarudi nyumbani, kwa maana kwenye gari lile alikuwemo mtu wa huko. Mwandoya anakaa dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu. Mama yao alifariki mume wangu akiwa hajaanza kutembea, na wifi ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mwenyewe bado msichana mdogo. Hakuwahi kunipenda sana, lakini alinivumilia, nami pia. Alinipigia simu.

"Wifi, ni kweli mdogo wangu anaomba chakula stendi?"

"Haombi. Anasahau kwamba amekula."

"Anasahau!" Akacheka, kicheko kikavu. "Mimi nina miaka themanini na ushee. Nimesahau majina ya wajukuu, nimesahau nilikoweka meno. Njaa sijaisahau hata siku moja. Tumbo halisahau, wifi."

"Lake limesahau, dada."

"Basi limesahaulishwa. Watu wa kanisani hamtaki kusikia mambo hayo, mimi nimeyaona. Mlete kwangu. Ng'ombe wapo, maziwa yapo. Kama ni kufunga, ufunge wewe."

Ukoo ukakaa kikao. Sikuitwa, nikapelekewa jibu: mzee aende akakae kwa dada yake. Mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi ofisi za wilaya kule Lagangabilili, alikuja na pikipiki kuniambia. Alisimama uani akichezea kofia yake ya kuendeshea, hakutaka hata kuketi. "Mama, wamesema labda apumzike huko. Na wewe upumzike." Nikamuuliza kama na yeye anaamini kwamba namnyima baba yake chakula. Akasema, "Mimi siamini, mama. Ila watu wanaongea." Hilo la watu kuongea liliniuma kuliko kama angesema anaamini.

Tukakubaliana tukutane nusu ya njia. Sisi tutoke Bariadi, wifi atoke Mwandoya, tukutane Nyalikungu pale Maswa, kwenye hoteli iliyo karibu na stendi. Nikampakia nguo. Nikaandika kwenye karatasi saa za dawa na saa za kula kwa herufi kubwa, ili mjukuu wa wifi aweze kusoma. Nilisali kabla ya kutoka, na sala yangu ilikuwa moja: asichukuliwe. Tuliishi pamoja miaka arobaini na saba. Sikuwahi kulala nyumba ambayo yeye hayupo, isipokuwa nilipojifungua.

Wifi alikuwa ameshafika, amekaa mkao wa mtu mwenye nyumba, fimbo mezani. Mume wangu alimtambua upesi, jambo ambalo kwangu lilikuwa limeanza kupungua. "Dada!" akasema, uso ukafunguka. Wakashikana mikono muda mrefu. Wifi alimpapasa mabega kama anayepima mnyama wa mnadani.

"Amekonda," akasema, bila kunitazama.

Hakuwa amekonda.

Wifi akamwita dada wa hotelini, akaagiza ugali, nyama ya kuchemsha na mtindi. Mume wangu akala chote. Akakomba na mchuzi kwa kidole, kitu ambacho enzi zake asingekifanya. Wifi alikuwa akimwangalia kwa uso wa mtu aliyeshinda.

"Umeona? Umeona mtu alivyo na njaa? Haya, sema."

"Nimeona, dada."

"Mtoto wa mama yangu, angalia anavyokomba sahani!"

Mume wangu akanawa mikono. Dada wa hotelini akaondoa vyombo na kufuta meza. Wifi akaanza kumsimulia habari za mvua za Mwandoya, ng'ombe aliyezaa mapacha, nani amekufa. Mume wangu alikuwa akisikiliza na kutikisa kichwa mahali panapostahili. Kisha akaegemea mbele, akamgusa dada yake mkono.

"Dada, mbona tumekaa tu? Leo hatuli?"

Wifi akacheka kwa nguvu. "Na utani wako huu! Bado unao!"

"Sitanii. Nzala." Akanionyesha kwa kidevu, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri. "Tangu juzi sijala. Huyu mama hanipi."

Wifi akaacha kucheka. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na karatasi mfukoni, nilikuwa na maneno ya daktari, nilikuwa na sauti. Ningesema, "Dada, tusimpe, atapata madhara." Lakini nikawaza: akizuiwa sasa, wifi ataamini kile alichokuja nacho. Ataondoka na mume wangu, na watu wote wa kwao Meatu watajua kwamba hata mezani, mbele ya dada yake, nilimnyima. Wifi akainua mkono kumwita dada wa hotelini. Nami nikaacha.

Sahani ya pili ikaja. Sikumtazama akila. Nilitazama jinsi wifi alivyokuwa anatazama. Mwanzoni alikuwa akimsogezea nyama. Kisha akaacha kusogeza. Mdogo wake alipofika katikati ya sahani, wifi akasema, "Pole pole, baba," na yeye hakusikia. Alikuwa anameza tu, macho mbele, hana furaha ya chakula wala uchungu wake. Alipomaliza akanawa, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa. Pakapita muda mfupi, si mrefu kuliko sala ya Baba Yetu ikisaliwa taratibu.

"Dada," akasema, "hapa wanapika saa ngapi?"

Wifi akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili. Alikaa hivyo. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, akawa hayafuti.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Miaka minne."

"Na kila siku ni hivi?"

"Kila siku."

"Na anasema kwa watu? Hivi hivi, kwamba hapewi?"

"Anasema, dada. Hata kwa paroko."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Nilifikiri ataniomba radhi, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la Kikristo. Hakuomba. Akasema, "Wifi, sitaweza. Kijijini kwangu akinitamkia hivi kwa watu wawili tu, nitazikwa na maneno. Mimi nimemlea huyu. Siwezi kusemwa kwamba nilimnyima." Akasimama, akashika kichwa cha mdogo wake kwa kiganja, kama mtu anayebariki. Akaniambia, "Baki naye. Nitawaambia ukoo." Akaenda stendi akajipangia gari la kurudi. Hakugeuka.

Nilikuwa nimeshinda. Jina langu lilikuwa limesafishwa na mtu ambaye wote wangemwamini. Nilichokuwa nimekiomba asubuhi ile kwa magoti nilikuwa nimepewa, kamili, hata bila kungoja. Nikakaa pale mezani, na kitu kikaanguka ndani yangu, kizito, na hakikuwa furaha. Nilielewa polepole ni nini. Wakati napanga zile nguo, upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa umeshaanza kupumzika. Ulikuwa umeshalala usingizi mmoja mzima. Umeshakunywa chai uani, mchana kweupe, bila mtu kuuliza kitu. Nami sikuwa nimeuona mpaka ulipoamshwa.

Dada wa hotelini akaja. Alikuwa ameona yote, nadhani, maana alizungumza taratibu. "Mama, na wewe tukuletee nini? Hujala tangu umefika."

Nilijisikiliza kama nilivyojifunza kwa mume wangu, nikangoja, na hapakuwa na kitu chochote kilichosema, wala njaa wala shibe. "Sijui, mwanangu," nikamwambia. Akaniletea chai. Nikainywa kwa sababu imeletwa.

Mume wangu aliumwa siku tatu baada ya hapo. Sukari ilipanda mpaka wakamlaza, akatundikiwa maji, na mguu wa kushoto ulibaki na ganzi ambayo haijaondoka hadi leo. Ukoo walikuja kumwona hospitalini. Walinisalimia kwa heshima, wakaniletea hata sabuni, na mmoja alisema, "Mayo, tulikukosea." Wifi alikuwa amewasimulia kila kitu, ila hakujua la kuwasimulia kuhusu mimi na ile sahani. Aliyeiagiza ni yeye. Amebaki akiamini kwamba alimdhuru mdogo wake kwa kutojua.

Jumamosi baada ya yeye kuruhusiwa kutoka hospitalini nilikwenda kuungama. Nilimweleza paroko yote, na kwamba nilijua. Akaniuliza kwa nini sikumzuia.

"Nilitaka wifi aone, baba, asimchukue."

"Na alipokataa kumchukua?"

"Niliumia. Nilitaka amchukue."

Paroko ni kijana, nilimfundisha mama yake. Nilimsikia akihema upande wa pili wa kitambaa. Akasema nimwambie wifi ukweli, kwamba mzigo ule haukuwa wake peke yake. Hayo ndiyo malipizi yangu. Nikamshukuru, nikapokea maondoleo, nikatoka.

Nilipiga simu Mwandoya kabla sijatoka uwanja wa kanisa, nikiogopa kwamba nikifika nyumbani sitapiga. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani simu imekatika.

"Nipo," akasema. "Sasa hivi yuko na nani?"

"Nimemwachia jirani."

"Basi nenda," akaniambia. "Atakuwa ameshaanza kuuliza."